Wachungaji wetu na walimu wa muhula mmoja

Mwezi uliopita nilikwenda Nyamira kumzika mjomba wangu. Ibada ilipokwisha na waombolezaji walipokuwa wakitawanyika chini ya migomba kutafuta kivuli, mchungaji kijana aliyekuwa amehubiri alinijia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniuliza: “Mwalimu, umenisahau?”

Nilikuwa nimemsahau, na naona haya kukiri. Alinikumbusha kwamba miaka kadhaa iliyopita nilimfundisha Kigiriki cha Agano Jipya katika chuo kimoja cha theolojia cha kule kwetu, ambacho sitakitaja jina kwa sababu nitakazozieleza. Nilimwuliza Kigiriki chake kimefikia wapi. Alicheka kicheko kile cha mtu asiyetaka kumhuzunisha mkubwa wake. “Daktari,” akasema, “wewe ulitufundisha alfabeti na majina. Ulipoondoka alikuja mgeni kutoka ng’ambo kwa wiki tatu, akaanza na alfabeti. Baada yake akaja mchungaji kutoka Kisumu, muhula mmoja, naye akaanza na alfabeti. Tulihitimu kabla hatujafika kwenye kitenzi.”

Nimeifikiria kauli hiyo tangu siku ile. Vijana wale waliijua alfabeti ya Kigiriki pengine kuliko wanafunzi wote wa Afrika Mashariki, maana waliisoma mara tatu. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeweza kusoma mstari mzima wa Injili katika lugha iliyoandikiwa. Na kila mmoja wetu sisi walimu watatu aliondoka akiamini kwamba ameifanya kazi yake.

Kisha kijana yule alitoa simu mfukoni akanionyesha tangazo. Chuo fulani kinatafuta mhadhiri wa muda wa theolojia na mafunzo ya huduma ya Kikristo. Mkataba ni wa muhula mmoja, na huenda ukarefushwa kutegemea idadi ya wanafunzi na fedha. Yeye sasa ana shahada ya uzamili, ana usharika wa kuuchunga, ana mke na watoto wawili. Alitaka kujua maoni yangu: aombe au asiombe?

Sikumpa jibu siku ile. Nilisema nitalitafakari, kama tusemavyo sisi walimu tunaposhikwa. Safu hii ya leo ni sehemu ya kutafakari huko, na ninaiandika hadharani kwa sababu naamini swali lake si la kwake peke yake. Kuna walimu wengi wanaoisoma safu hii wakiwa katika hali hiyo hiyo, wa theolojia na wa masomo mengine, na kuna wanafunzi ambao hawajawahi kuambiwa kwa nini mwalimu wao wa muhula uliopita hakurudi.

Kwanza nieleze jinsi mimi, mwanaisimu, nilivyojikuta nikiwafundisha wachungaji. Chuo kile kilikuwa kimempoteza mwalimu wake wa lugha, na mtu aliyenifahamu alimwambia mkuu wa chuo kwamba niko likizoni na nimewahi kusoma Kigiriki. Nilikubali kwa mihula miwili. Nilikuwa nikipanda matatu asubuhi mjini Kisii, napita Nyamira na Kebirigo katikati ya mashamba ya chai, nafundisha saa nne, narudi jioni. Barua yangu ya kazi ilikuwa na aya tatu. Ilitaja saa za kufundisha. Haikutaja kusahihisha mitihani, wala kuwasimamia wanafunzi wanaoandika tasnifu, wala kuwatembelea walipokuwa mazoezini katika sharika. Nilisahihisha kwa sababu hakukuwa na mwingine. Malipo ya muhula wa kwanza yalikuja yakiwa yamechelewa. Ya muhula wa pili nayasubiri hadi leo, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kutolitaja jina la chuo, maana sitaki ionekane kwamba nimelikodi gazeti hili kudai deni langu. Sababu nyingine ni kwamba mkuu wa chuo alikuwa mwungwana ambaye, nilikuja kujua baadaye, yeye mwenyewe hakuwa amelipwa.

Hata hivyo, siwezi kusema nilijutia mihula ile. Kuna asubuhi moja nisiyoisahau. Tulikuwa tumefika kwenye neno la Kigiriki pneuma, ambalo humaanisha upepo, humaanisha pumzi, na humaanisha roho. Mazungumzo ya Yesu na Nikodemo katika sura ya tatu ya Yohana yamejengwa juu ya neno hilo moja lenye maana zaidi ya moja. Msomaji wa Kiswahili hawezi kulihisi jambo hilo, kwa sababu sisi tuna upepo upande huu na Roho upande ule, maneno mawili yasiyofanana hata herufi. Nikawauliza wanafunzi: na kwa Ekegusii je? Mzee mmoja aliyekaa nyuma, aliyekuwa mwinjilisti kwa miaka mingi kabla ya kuja kusoma, akajibu polepole kwamba katika Ekegusii Roho Mtakatifu ni Omoika Omochenu, na omoika ni pumzi, pumzi hii hii anayohangaika nayo mgonjwa wa kifua. Darasa zima lilinyamaza. Kisha wakaanza kubishana, na ubishi ukachukua saa nzima. Mmoja alisema amewahubiria watu kumi na miwili mwaka uliopita juu ya Roho bila hata mara moja kuwaambia washike vifua vyao wasikie wanavyopumua.

Mimi sikuwa nimewapa jambo lile. Walilipata wao kwa kuwa lugha mbili zilikutana darasani, ile ya Maandiko na ile ya mama zao, na ya Kiingereza ambayo ndiyo ya kufundishia ilikaa kando kwa saa moja. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kazi ya mwalimu wa wachungaji ni nini katika nchi yetu.

Mafunzo haya si mageni kwa Wagusii. Wakatoliki walifika Nyabururu na Waadventista Wasabato wakafika Nyanchwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wamishonari wa Kilutheri kutoka Uswidi walifika mwaka 1948 wakaweka makao Itierio, na mwaka 1978 Walutheri wakaanzisha chuo cha theolojia huko Matongo, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Nyamira. Makanisa ya Kipentekoste yameenea kila kijiji. Biblia nzima kwa Ekegusii ilichapishwa mwaka 1988. Sidhani kuna kata katika kaunti hizi mbili isiyokuwa na watu wanaosimama mimbarani kila wiki, wakisikilizwa na umati ambao hakuna mhadhiri wa chuo kikuu atakayewahi kuupata. Nasema hili kwa wivu kidogo. Darasa langu la fonolojia lina wanafunzi arubaini, na nusu yao hulala.

Kwa hivyo anayemfundisha mchungaji anawafundisha watu wengi asiowaona. Akimfundisha vibaya, hasara haiishii kwenye hati ya mtihani. Mchungaji ndiye anayeitwa usiku mume anapompiga mke. Ndiye anayeulizwa kama mgonjwa aendelee na dawa au aache kwa sababu ameombewa. Katika sehemu zetu, ambako wazee wamewahi kuchomwa moto kwa kusingiziwa uchawi, mchungaji aweza kuwa mtu pekee mwenye sauti ya kuwazuia vijana waliobeba viberiti. Akisita yeye, mtu anakufa. Maneno anayoyatumia siku hiyo, na ujasiri wa kuyatumia, huyapata wapi? Hayapatikani katika mihadhara kumi na minne ya mgeni. Huyapata kwa mtu mzima aliyemwona akikua kwa miaka mitatu au minne, akamsikia akihubiri vibaya, akamwambia, akamsikia tena.

Huo ndio msingi wa hoja yangu. Masomo mengine yanaweza kuvumilia mwalimu wa kupita. Siyapendekezi, lakini yanaweza. Mwanafunzi wa hesabu aliyekosa mwalimu ana kitabu na majibu nyuma ya kitabu. Mafunzo ya huduma yana sehemu ambayo haina majibu nyuma ya kitabu, nayo ndiyo sehemu kubwa.

Nisije nikaeleweka visivyo. Nafasi ya muda si dhambi. Mwalimu anapokwenda masomoni, anapougua, anapojifungua, ni haki na ni busara kumtafuta wa kushika nafasi yake mpaka arudi. Wala sina neno baya juu ya wageni wanaokuja kufundisha kwa wiki chache, wengine kwa gharama zao wenyewe. Yule aliyekuja baada yangu bila shaka alikijua Kigiriki kuliko mimi. Tatizo linaanza pale wa muda anaposhika nafasi isiyokuwa na mwenyewe. Hashikii mtu, anashikia pengo. Na pengo likishikwa vizuri kwa miaka kumi, mwisho wake halmashauri ya chuo husahau kwamba ni pengo.

Hali hii, waama, si ya vyuo vya kanisa tu. Vyuo vikuu vya umma vimekuwa vikiendeshwa kwa mabega ya wahadhiri wa kulipwa kwa kozi, ambao hawana ofisi, hawana bima, wala hawana mahali pa kumketisha mwanafunzi anayelia. Mgomo wa wahadhiri wa mwaka 2025, uliodumu siku 49, ulihusu deni la shilingi bilioni 7.9 la mkataba wa miaka ya 2017 hadi 2021. Ulikuwa mgomo wa haki. Lakini wenye mkataba wa pamoja angalau wana kitu cha kugomea. Mhadhiri wa muda akigoma, anakuwa ameacha kazi, basi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ina kipengele kinachomlinda kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda unaotimia mwezi, asiendelee kuhesabiwa kibarua. Lakini mtu anayefundisha asubuhi mbili kwa wiki, kwa barua inayokufa kila Desemba, aghalabu hujikuta nje ya mlango huo akiuchungulia.

Na sasa serikali nayo inataka wachungaji wasome. Wazo lenyewe si geni. Januari 2016 kanuni zilizopendekezwa na Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Profesa Githu Muigai, ambazo pamoja na mengine zingewadai viongozi wa dini vyeti vya theolojia kutoka vyuo vinavyotambuliwa, zilizua upinzani mkubwa wa makanisa, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza mashauriano zaidi. Zikalala. Kisha ikaja Aprili 2023 na msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Jopo lililoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi likapewa kazi ya kuchunguza sheria zinazosimamia mashirika ya dini, likatoa ripoti yake Julai 2024, na mjadala wa elimu ya wahubiri ukaamka upya.

Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba mhubiri anapaswa kusoma, ingawa sipendi serikali iwe ndiyo inayompa cheti. Lakini katika kelele zote hizo sijasikia mtu akiuliza swali la kawaida kabisa ambalo mwalimu mkuu yeyote wa shule ya msingi angeliuliza siku ya kwanza: walimu wako wangapi? Tukiwalazimisha maelfu ya wahubiri kwenda vyuoni kesho, watafundishwa na nani? Na kijana mwenye barua ya muhula mmoja? Tutakuwa tumetengeneza kiwanda cha vyeti, na mtu mwenye cheti kisicho na kitu nyuma yake ni hatari kuliko asiyekuwa nacho, maana huyu wa pili angalau watu humwuliza maswali.

Nimewahi kulizungumza jambo hili na mkuu wa chuo kimoja, mtu ninayemheshimu sana. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama naijua karo ya wanafunzi wake. Wengine huletwa na sharika zao, na sharika hulipa baada ya kuuza chai, au ndizi pale Daraja Mbili, na bonasi ya chai ikiwa mbaya basi karo haiji. Idadi ya wanafunzi hupanda na kushuka. Akimwajiri mhadhiri wa kudumu mwenye shahada ya uzamifu, na mwaka ujao wakaja wanafunzi tisa, atamlipa na nini? “Wewe, ndugu yangu, unalipwa na serikali,” aliniambia. “Mimi hulipwa na sadaka.” Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo sina jibu kamili. Viwango vilivyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mwaka 2014, vilivyomtaka mhadhiri awe na uzamifu, vilizidi kumwumiza mtu kama huyu: mwenye uzamifu ni ghali, na asiyekuwa nao anaajiriwa kwa muda huku akiahidiwa kwamba akiipata atafikiriwa.

Ila kuna mfano mmoja ambao hunipa matumaini, na hauko mbali. Chuo kinachoitwa leo Chuo Kikuu cha St. Paul’s, Limuru, kilianza mwaka 1903 kule Frere Town, Mombasa, kama shule ya Waanglikana ya kuwaandaa watumishi. Kilihamia Limuru mwaka 1930. Katika miaka ya 1950 Wapresibiteri na Wamethodisti walijiunga, na kuanzia hapo wakakiendesha kwa pamoja; hati ya chuo kikuu ilikuja mwaka 2007. Makanisa yale hayakuwa yamekubaliana juu ya maaskofu, wala juu ya mambo mengine kadhaa. Yalikubaliana kwamba hakuna moja kati yao lingeweza kuwalipa walimu wa kutosha likiwa peke yake.

Je, Gusii haiwezekani? Simwambii Msabato amfundishe Mkatoliki sakramenti. Lakini Kigiriki hakina dhehebu. Kiebrania hakina dhehebu. Historia ya Kanisa katika Afrika Mashariki, ushauri nasaha, sheria ya ndoa na urithi ambayo mchungaji anapaswa kuijua, uhasibu wa usharika, na Ekegusii chenyewe, lugha yenye irabu saba ambayo tunaiandika kwa herufi tano, hata msomaji wa Maandiko kanisani inambidi akisie: haya yote yanaweza kufundishwa na walimu wawili au watatu wa kudumu wanaogawanywa baina ya vyuo vinne au vitano kati ya Kisii na Nyamira. Kila chuo kilipe sehemu ya mshahara. Kuna Chuo Kikuu cha Kisii papo hapo, kilichopata hati yake mwaka 2013, ambacho kingeweza kuwapa watu hao maktaba na meza. Waliobaki, wale wa imani mahususi, kila kanisa litafute wake. Naona ni afadhali walimu watatu wasioondoka kuliko kumi na wanane wanaopokezana alfabeti.

Na mpaka hilo litimie, barua za ajira za muda ziandikwe kwa unyofu. Ziseme wazi mwalimu anashika nafasi ya nani, au zikiri kwamba hakuna mwenye nafasi. Zidumu miaka miwili badala ya muhula mmoja, ili darasa moja angalau liandamane na mwalimu mmoja mpaka mahali fulani. Zilipie usahihishaji na ziara za mazoezini, maana huko sharikani ndiko mwanafunzi anakoonekana alivyo. Na anayeondoka aache daftari: tumefika wapi, nani amekwama, nani ana kipaji cha kusikiliza wafiwa. Mimi sikuacha daftari. Nilirudisha funguo kwa karani nikapanda matatu. Kosa hilo ni langu, silitupi kwa chuo wala kwa mfumo.

Juzi usiku kijana yule alinipigia simu. Ameomba nafasi ile. Sikumshauri, aliamua mwenyewe pamoja na mkewe, na usharika wake umekubali kumwachia siku mbili kwa wiki. Alinisomea barua yake ya maombi ili nimsahihishie Kiingereza, na mwishoni niliona ameongeza ombi ambalo tangazo halikuwa limeliulizia: kabla ya kuanza, aonyeshwe madaftari ya wanafunzi wa mwaka wa pili, ili ajue wameachwa wapi.

Bado hawajamjibu.